Maji Yameacha Ukijani, Lakini Je, Yamepona? Kuondoa Ukungu na Mwani Uliokufa katika Bwawa la Nyumbani

Mwezi Agosti 2016, katikati ya Michezo ya Olimpiki mjini Rio de Janeiro, maji ya bwawa la kupigia mbizi yaligeuka kutoka samawati na kuwa ya kijani mbele ya macho ya dunia nzima. Waandaaji walieleza baadaye kwamba siku chache kabla ya hapo lita 80 za haidrojeni peroksaidi zilikuwa zimemiminwa majini. Kemikali hiyo iliiondolea klorini nguvu, na viumbe vya kijani vikapata nafasi ya kuchipua. Bwawa la jirani, ambalo lingetumiwa na waogeleaji wanaocheza kwa mpangilio na ambao hawana budi kuonana chini ya maji, halikusubiriwa litibike. Maji yake yalimwagwa na mengine yakaletwa.

Ikiwa bwawa lenye wataalamu na mitambo ya kisasa laweza kufikia hali hiyo, si ajabu kwa bwawa dogo lililo nyuma ya nyumba huko Mbezi Beach, Nyali au Capri Point. Kisa chenyewe ni cha kawaida. Familia husafiri kwa wiki tatu, umeme hukatika mara kwa mara, pampu husimama, mvua za masika hushusha majani na vumbi la paa, na wenyeji wanaporudi hukuta maji yamekuwa ya kijani kibichi. Mtunza bustani hutumwa dukani, ndoo ya klorini humiminwa, na baada ya siku moja au mbili ukijani umetoweka. Kilichobaki ni maji meupe yenye ukungu, mfano wa tui la pili. Watoto wamekwisha kuvaa nguo za kuogelea, na mzazi hujiuliza kama sasa yafaa kuwaruhusu.

Jibu ni hapana. Mwani umekufa, lakini haujatoka. Kipindi hiki cha ukungu mweupe kina hatari ya pekee, kwa kuwa ukijani humtisha kila mtu ilhali weupe huwahadaa wengi. Makala haya yanaeleza ukungu huo ni nini, unadhuru vipi, na namna ya kuuondoa kwa utaratibu usioleta madhara mengine.

Mwani wa bwawani na asili ya ukungu

Msomaji wa pwani anapolisikia neno mwani hufikiria mmea unaolimwa na akina mama wa Paje na Jambiani. Mwani wa bwawani ni jamaa wa mbali wa mmea huo. Ni kiumbe kidogo mno, aghalabu chenye seli moja, kisichoonekana kwa jicho mpaka kiwe kimezaana kwa mamilioni. Huletwa na upepo, mvua, ndege, na hata nguo za kuogelea zilizotoka kwenye maji mengine. Chakula chake ni naitrati na fosfati zinazotokana na majani yanayooza, udongo, mbolea ya bustani, jasho na mkojo. Penye jua, joto na chakula, klorini ikishuka hadi karibu na sifuri, mwani huweza kulijaza bwawa katika siku chache tu.

Klorini inaporudishwa kwa wingi, seli hizo huharibika na rangi yao ya kijani hufifia. Miili yake hata hivyo hubaki ikielea. Chembe nyingi zina upana wa maikromita chache tu, yaani sehemu chache za elfu moja za milimita, na kichujio cha mchanga hushindwa kuzinasa vizuri chembe ndogo kama hizo zinapopita moja moja. Tena, chembe hizo hubeba chaji ya umeme ya aina moja, kwa hiyo hukimbizana badala ya kushikamana, nazo ni nyepesi mno kuzama kwa uzito wake. Ndiyo sababu maji huweza kukaa na ukungu kwa siku nyingi ingawa mwani wote umekufa.

Ifahamike pia kwamba si kila ukungu ni mwani uliokufa. Maji yenye kalsiamu nyingi, pH ikipanda, hufanya chokaa nyeupe inayoelea. Kipimo rahisi ni kuchota maji katika glasi safi na kutia siki nyeupe kidogo. Maji yakitakata mara moja, chokaa ndiyo chanzo, na dawa yake ni kushusha pH. Kwa upande mwingine, maji ya kisima yenye madini ya chuma hugeuka rangi ya chai pindi klorini inapotiwa, hata kama hayana mwani wowote.

Hatari tatu za maji yenye ukungu

Hatari ya kwanza, na iliyo kubwa kuliko zote, ni kwamba chini hakuonekani. Mwezi Juni 2011, katika mji wa Fall River, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, mwanamke mmoja alizama katika bwawa la umma ambalo maji yake yalikuwa na ukungu. Mwili wake haukuonekana kwa takribani siku mbili. Katika muda huo watu waliendelea kuogelea humo, na wakaguzi wa afya walifika bwawani wakaondoka bila kujua kilichokuwa chini. Bwawa lilikuwa na walinzi wa waogeleaji, lakini mlinzi hawezi kumwokoa asiyemwona.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 300,000 hivi walikufa maji mwaka 2021, na watoto walio chini ya miaka 5 ni sehemu kubwa ya idadi hiyo. Mtoto anayezama aghalabu hapigi kelele. Hushuka kimya, na dakika chache tu zatosha kuudhuru ubongo kwa ukosefu wa oksijeni. Katika maji angavu mzazi humwona na kumnyanyua. Katika maji ya rangi ya tui, dakika hizo huishia katika kupapasa.

Hatari ya pili ni kwamba klorini hushughulishwa na mizoga badala ya vijidudu. Kila chembe ya uozo majini huila klorini. Sehemu inayobaki tayari kufanya kazi huitwa klorini huru, na ile iliyokwisha kuungana na uchafu wenye naitrojeni huitwa klorini iliyofungwa, au kloramini. Kloramini ndiyo huwasha macho, hukwaruza koo na kutoa ile harufu kali ambayo wengi huidhania kuwa alama ya usafi. Kwa kweli ni alama ya kinyume chake. Bwawa linalonuka sana klorini mara nyingi ni bwawa lenye upungufu wa klorini huru. Mgonjwa wa pumu anayekohoa kila atokapo majini aulizwe habari hiyo.

Hatari ya tatu ni vijidudu wanaopata maficho. Klorini huru ya miligramu 1 kwa lita, katika pH ya 7.5 na joto la nyuzi 25 za Selsiasi, huwaua bakteria wengi wa aina ya E. coli kwa muda usiofika dakika 1, virusi vya homa ya ini A kwa takribani dakika 16, na Giardia kwa takribani dakika 45. Lakini hesabu hizo ni za maji angavu. Kijidudu aliyejificha ndani ya bonge la uchafu, au katika utelezi ulioganda ukutani, hafikiwi na dawa kwa wakati huo. Katika utelezi huo hukaa bakteria aitwaye Pseudomonas aeruginosa, ambaye huleta maumivu ya sikio la nje na vipele vya vinyweleo baada ya kuogelea.

Pima kwanza, tibu baadaye

Tabibu hampi mgonjwa dawa kabla ya kumpima, na bwawa nalo halitibiwi kwa kukisia. Vipimo vitatu ndivyo vya lazima: pH, klorini huru na jumla ya klorini. Tofauti kati ya jumla na klorini huru ndiyo klorini iliyofungwa. Vifaa vya matone au vikaratasi vya kupimia hupatikana katika maduka ya vifaa vya mabwawa. Visiwe vimepitwa na muda wake wala kuhifadhiwa juani.

pH ndiyo inayoamua nguvu ya klorini. Katika pH ya 7.2, takribani theluthi mbili za klorini huru huwa katika umbo lenye nguvu ya kuua. Katika 7.5 hubaki nusu, na katika 8.0 hubaki robo tu. Mwenye bwawa anayemimina klorini katika maji ya pH 8.0 hupoteza sehemu kubwa ya fedha yake. Kiwango kinachofaa kwa waogeleaji ni kati ya 7.2 na 7.8.

Kipimo cha nne ni asidi ya sianuriki, ambayo huikinga klorini isiharibiwe na jua. Vidonge vikubwa vinavyoyeyuka polepole huwa nayo ndani yake, hivyo kila kidonge huiongeza. Kiasi cha miligramu 30 hadi 50 kwa lita chatosha. Ikizidi sana, klorini hulegea, na mwani hurudi hata kipimo kinapoonyesha kwamba klorini ipo. Asidi hiyo haichujiki, wala haiondolewi kwa kuongeza klorini. Njia ya kuipunguza ni kumwaga sehemu ya maji na kuweka mapya.

Hatua za kulisafisha bwawa

Hatua ya kwanza ni kulifunga. Mlango wa uzio ufungwe, tangazo liwekwe, na kila aliye nyumbani, wakiwemo wageni na wasaidizi, aelezwe kwamba hakuna kuingia.

Hatua ya pili ni kutoa uchafu mkubwa. Majani, matawi na wadudu waopolewe kwa wavu, kwa kuwa kila jani linalobaki litaila klorini iliyokusudiwa kuua mwani.

Hatua ya tatu ni kusugua. Kuta, ngazi, pembe, nyuma ya taa na mahali maji yasipozunguka visuguliwe kwa brashi hadi utelezi uachie. Historia inaonyesha umuhimu wa sehemu zilizofichika. Katika mji wa Ústí nad Labem, katika nchi iliyoitwa wakati huo Czechoslovakia, watu 16 walikufa kati ya 1962 na 1965 kwa maambukizo ya ubongo yaliyoletwa na amiba aitwaye Naegleria fowleri. Waathiriwa walikuwa wameogelea katika bwawa moja la ndani ya jengo, na uchunguzi uliofuata ulielekeza kwenye nafasi iliyokuwa nyuma ya ukuta wa bwawa hilo, mahali ambapo dawa haikufika ipasavyo. Ugonjwa huo ni nadra sana, lakini funzo lake ni la kila bwawa.

Hatua ya nne ni kurekebisha pH ifike kati ya 7.2 na 7.4. Ikiwa juu, hushushwa kwa asidi maalumu ya mabwawa. Ikiwa chini, hupandishwa kwa magadi. Pampu iachwe izungushe maji kwa saa kadhaa kabla ya kutia kitu kingine chochote.

Hatua ya tano ni dozi kubwa ya klorini. Hesabu yake huanzia kwenye ujazo. Bwawa lenye urefu wa mita 8, upana wa mita 4 na kina cha wastani cha mita 1.5 lina mita za ujazo 48. Ili kuongeza klorini kwa miligramu 10 kwa lita zinahitajika gramu 480 za klorini halisi. Ikiwa unga wa kalsiamu hipokloraiti ulionunuliwa una nguvu ya asilimia 65, gramu 480 zinagawanywa kwa 0.65, na jibu ni takribani gramu 740. Asilimia hiyo husomwa kwenye kibandiko cha ndoo na haikisiwi, na maelekezo ya mtengenezaji hufuatwa. Dawa itiwe magharibi jua linapozama, kwa sababu mwanga wa jua huiharibu klorini isiyokingwa.

Hatua ya sita ni kuhakikisha kwamba mwani umekufa kweli. Klorini huru ipimwe usiku baada ya maji kuzunguka, kisha ipimwe tena alfajiri kabla ya jua kuchomoza. Ikiwa imepungua kwa zaidi ya miligramu 1 kwa lita bila kuwepo jua, basi bado kuna kitu majini kinachoila, na dozi yapaswa kurudiwa. Ikiwa haikupungua hivyo, mwani umekwisha kufa na kazi iliyosalia ni mazishi yake.

Hatua ya saba ni kuchuja. Pampu ifanye kazi mchana na usiku mfululizo. Geji ya mgandamizo wa kichujio iangaliwe: inapopanda kwa baa 0.5 hadi 0.7 juu ya kiwango chake cha kawaida, mchanga umejaa uchafu na lazima uoshwe kwa kuugeuza mkondo wa maji, hadi maji yanayotoka yawe safi. Katika siku za mwanzo huenda hili likahitajika zaidi ya mara moja kwa siku. Panapo mgao wa umeme, saa zote za umeme zitumiwe, na mwenye bwawa akubali kwamba kazi itachukua siku nyingi zaidi.

Hatua ya nane huchukuliwa endapo ukungu utabaki baada ya siku kadhaa za kuchuja. Hapa ndipo shabu inapoingia, madini yale yale ambayo wazee wameyatumia tangu zamani kutuliza maji ya matope mtungini. Shabu huondoa ile chaji inayozifanya chembe zikimbizane, nazo hushikamana kuwa mabonge mazito yanayozama. Kiasi cha gramu 50 hivi kwa kila mita ya ujazo, yaani kilo 2.4 kwa bwawa la mfano wetu, huyeyushwa ndooni na kusambazwa juu ya maji. Maji huzungushwa kwa muda mfupi bila kupita kwenye mchanga, kisha pampu huzimwa usiku kucha. Asubuhi tope jepesi huwa limelala chini. Lifyonzwe polepole sana, bila kutibuliwa, na maji yake yatolewe nje moja kwa moja pasipo kupita kwenye kichujio. Maji yanayotupwa yasielekezwe kwa jirani wala kwenye mto au bwawa la samaki. Baadaye maji yaongezwe na pH ipimwe upya, kwani shabu huishusha.

Kuna wanaopenda kuzikwepa hatua hizi kwa kutia dawa ya rangi ya samawati ili maji yapendeze. Mficha maradhi kilio humfichua. Rangi haiondoi mzoga hata mmoja.

Kemikali ziokoazo zaweza kuua

Wahudumu wa afya huwapokea majeruhi wa mabwawa ambao hawakuingia majini kabisa, bali walikuwa wakichanganya dawa. Kanuni zifuatazo hazina msamaha:

- Klorini isichanganywe kamwe na asidi. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, yenye sumu kali. Viwili hivyo visitiwe majini kwa wakati mmoja wala kupimwa kwa kopo moja.
- Aina mbili za klorini, kama vile unga wa kalsiamu hipokloraiti na vidonge vyenye asidi ya sianuriki, zisikutanishwe zikiwa kavu wala katika chombo kimoja. Zaweza kuwaka moto au kulipuka.
- Dawa ndiyo itiwe kwenye maji mengi, si maji kumiminwa juu ya dawa.
- Anayefanya kazi avae glavu na miwani ya kukinga macho, asimame upande unakotoka upepo, na asifanyie kazi hiyo ndani ya kibanda kilichofungwa.
- Dawa zihifadhiwe pakavu, penye kivuli, mbali na watoto, wala zisihamishiwe kwenye chupa za soda au za maji ya kunywa.

Aliyevuta gesi aondolewe mara moja apelekwe penye hewa safi, na anayemwokoa asiingie ndani ya wingu la gesi bila kinga. Nguo zilizolowa dawa zivuliwe. Macho yaoshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 15. Aliyemeza dawa asilazimishwe kutapika. Kituoni, mgonjwa anayekohoa au kupumua kwa filimbi apewe oksijeni na dawa ya kupanua njia za hewa. Asiruhusiwe kwenda nyumbani haraka kwa kuwa tu amepata nafuu, kwani maji yaweza kujaa mapafuni saa nyingi baadaye, hata kufikia saa 24.

Maswali ya kuulizwa kliniki

Swali fupi, “Je, umeogelea siku za karibuni, na maji yalikuwaje?”, laweza kufupisha safari ndefu ya uchunguzi. Mtoto mwenye maumivu ya sikio yanayozidi anapovutwa ndewe huenda ana maambukizo ya sikio la nje. Anayevaa lenzi za macho na kupata jicho jekundu lenye maumivu makali baada ya kuogelea apelekwe kwa daktari wa macho bila kuchelewa. Mwenye homa, maumivu makali ya kichwa na shingo ngumu siku chache baada ya maji kumwingia puani ni mgonjwa wa dharura.

Kuhara kunakoendelea kwa siku nyingi baada ya kuogelea kuamshe shaka ya Cryptosporidium. Kimelea huyu ana ganda gumu, na katika mazingira yale yale ya klorini yaliyotajwa juu huweza kuishi zaidi ya siku 10. Uchunguzi wa kawaida wa choo kwa hadubini humkosa kwa urahisi. Maabara iombwe kutumia rangi ya Ziehl-Neelsen iliyorekebishwa au kipimo kingine kinachomlenga. Kwa mtu anayeishi na VVU ambaye kinga yake imeshuka, ugonjwa huu waweza kuwa mzito na wa muda mrefu, hivyo ushauri wa kuepuka maji yenye ukungu si wa kupuuzwa. Yeyote anayeharisha asiingie bwawani, na aliyethibitishwa kuwa na Cryptosporidium angoje wiki 2 baada ya kuhara kukoma.

Bwawa lililoachwa bila klorini ni jambo la jirani pia. Mbu huzaliana humo, na miji ya pwani, Dar es Salaam ikiwemo, imekwisha kuonja milipuko ya homa ya dengi.

Lini bwawa lifunguliwe

Masharti manne yatimie yote kwa pamoja. Kwanza, wavu wa tundu la chini, mahali penye kina kirefu zaidi, uonekane waziwazi kwa aliyesimama ukingoni. Pasipo tundu, sahani nyeusi yenye upana wa sentimita 15 yaweza kushushwa chini, nayo ionekane mipaka yake. Pili, pH iwe kati ya 7.2 na 7.8. Tatu, klorini huru iwe imeshuka kutoka kwenye dozi kubwa hadi kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita, na pale inapotumika asidi ya sianuriki isipungue 2. Nne, kuta zisiwe na utelezi na pampu iwe inafanya kazi.

Baada ya hapo, ulinzi ni kazi ndogo ya kila siku: kupima klorini na pH, kuopoa majani, kusugua mara moja kwa wiki, na kuhakikisha kwamba maji yote yanapita kwenye kichujio walau mara moja kwa siku. Familia inaposafiri, amtafute mtu aliyefundishwa, si aliyeonyeshwa ndoo tu. Uzio wenye urefu usiopungua mita 1.2 pande zote nne, na mlango unaojifunga wenyewe, ubaki hata maji yakiwa angavu kama kioo. Na mtu mzima anayejua kuogelea awe karibu kila mtoto anapoingia.

Endapo ajali itatokea, aliyezama atolewe majini na asining’inizwe kichwa chini. Ikiwa hapumui, huduma ianze na pumzi za kuokoa maisha, kisha kukandamiza kifua, huku msaada ukiitwa.

Mwani utarudi kila mara klorini itakaposahauliwa, nao hutibika kwa brashi, hesabu na siku chache za subira. Mzazi aliyewaona watoto wakisubiri ukingoni, wamevaa tayari, na maji yakiwa bado kama tui la pili, awaambie wasubiri hadi chini kuonekane. Siku tatu za manung’uniko zina mwisho.